Nguo za ofisi kwa shilingi 10,000 hapa Nairobi: mwongozo kamili kuanzia sokoni hadi kwa fundi

Kila mara mtu wangu wa karibu akipata kazi naona makosa ni yale yale. Barua ya kazi inatoka Alhamisi, anatakiwa kuripoti Jumatatu, Jumamosi anaingia tao na pesa yote ya kukopa, ananunua suti moja ya elfu saba na viatu, halafu Jumanne asubuhi anasimama mbele ya kabati hana cha kuvaa. Ama anafanya kinyume, anaenda soko la mitumba la Gikomba anarudi na nguo ishirini za soo soo (mia mia), kila moja ni poa ikiwa peke yake lakini hakuna hata mbili zinavalika pamoja.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Upper Hill na nilinunua koti jipya kwa duka moja la tao, mabega yakiwa yamenizidi, na muuzaji akaniambia usijali, utajaza. Sikujaza. Nilipeleka kwa fundi watatu na wote waliniambia kitu kimoja, mabega hawagusi, na hiyo koti nikaishia kuibeba mkononi miezi mitatu mizima ndio watu waone niko nayo. Ile pesa ingenivalisha wiki nzima kama mtu angenionyesha nitakayokuonyesha hapa.

Nimepiga hesabu na 10,000. Kama uko na 5,000 nunua nguo mbili za chini na blauzi tatu, wacha bleza na mkoba wa mwezi ujao, viatu nunua ile pea moja ya ngozi tu, lakini pesa ya fundi usiguse.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Vya kwenda navyo sokoni:

- Tepu ya fundi, ile laini ya kukunja. Maduka ya vifaa vya cherehani River Road wanauza, na hoka pia wanatembeza.
- Karatasi ya vipimo vyako (Hatua ya 3).
- Cash ya noti ndogo ndogo. M-Pesa wanachukua, lakini mwenye ameshika mia mbili mkononi huskizwa haraka kuliko mwenye anauliza namba ya till.
- Taiti na vesti ya kubana, uvae ndani. Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, utajaribu sketi juu ya taiti katikati ya watu na hakuna mtu atakuangalia.
- Kibegi kidogo cha kuvaa mbele ya kifua, na mfuko mkubwa wa kubebea nguo.

Vya nyumbani: siki nyeupe, sabuni, beseni mbili, pasi, kitambaa cheupe cha pamba, hanga kumi, wembe mpya, sindano na uzi, Kiwi na brashi mbili.

Na pesa igawe hivi:

- Nguo za chini 3 (suruali ama sketi) kwa 300: 900
- Blauzi ama mashati 5 kwa 200: 1,000
- Bleza 1 na sweta 1: 1,000
- Gauni 1: 400 (mwanaume aweke mshipi wa ngozi hapa)
- Viatu, pea 2: 2,500
- Mkoba: 1,000
- Fundi: 1,500
- Siki, hanga, Kiwi na kadhalika: 600
- Nauli na dharura: 1,100

Bei zinapanda na kushuka kulingana na belo (ule mzigo wa mitumba uliofungwa) na msimu, kwa hivyo shikilia mgawo kuliko bei yenyewe. Utaona fundi amepewa pesa kuliko blauzi zote tano na hapo ndipo watu hubishana na mimi. Subiri Hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Jua ofisi yako inavaa nini

Usinunue kitu kabla ya hii. Enda siku ya kazi, saa moja na nusu hadi saa mbili asubuhi, usimame karibu na mlango wa hilo jengo kama mtu anangoja mwenzake, uangalie watu wanaoingia. Angalia viatu vya wanawake, angalia kama wanaume wamefunga tai, angalia wenye umri kama wako kwa sababu bosi anaweza kuvaa anavyotaka na wewe bado.

Nairobi hii ofisi hazifanani. Benki na mawakili ni giza giza, bluu iliyoiva, kijivu, nyeusi, na wakili anayeenda kortini hana uchaguzi. Ofisi za kompyuta huko Kilimani na Ngong Road mtu na suti anaonekana amekuja kudai deni. Industrial Area unaweza kuwa ofisini saa tatu na saa nne uko stoo kwa vumbi, kwa hivyo sketi ya kubana haitakusaidia.

Kama hauwezi kwenda, piga simu kwa mtu wa HR uulize tu, "Samahani, watu huvaaje huko?" Hakuna aibu, huulizwa kila siku.

Ukimaliza hii hatua unafaa kuweza kusema kwa sentensi moja mtu wa cheo chako amevaa nini Jumatano ya kawaida.

## Hatua ya 2: Chagua rangi tatu, basi

Rangi moja ya msingi kwa suruali, sketi na bleza: bluu iliyoiva, kijivu cha mkaa, ama nyeusi. Rangi moja nyepesi ya juu, nyeupe ama krimu. Na rangi moja ya kukufurahisha, maroon, kijani, haradali, chochote kinachopendeza ngozi yako.

Sababu ni hesabu tu. Nguo tatu za chini na tano za juu, zote zikikubaliana, ni mivao 15, na ukiongeza bleza ya kuvaa ama kuacha zinakuwa 30. Lakini sketi moja ya zambarau ikiingia hapo katikati inakubali blauzi moja pekee na umepoteza pesa yako.

Kwa mnaovaa hijabu, mtandio ndio ubebe ile rangi ya tatu. Mitandio mitatu mizuri ya Eastleigh inabadilisha gauni moja nyeusi mara tatu kwa wiki, na hapo mko mbele yetu.

Onyo: nyeusi ya mitumba hudanganya. Nyeusi mbili zilizopauka tofauti, moja imekuwa kama ya kijani na nyingine kahawia, zinaonekana vibaya zikiwa pamoja kuliko rangi mbili tofauti kabisa. Zilinganishe juani kabla ya kulipa.

## Hatua ya 3: Pima nguo, wacha mwili

Watu wengi hupima kiuno chao halafu wakifika sokoni wanashindwa kutumia hiyo namba. Chukua suruali moja na shati moja unazozipenda zinavyokukaa, zilaze kitandani, zinyooshe na mkono, upime hizo. Sokoni utalaza nguo ya muuzaji vivyo hivyo na upime, na dakika moja imeisha.

Andika hizi:

- Kiuno cha suruali, kutoka ukingo hadi ukingo
- Mapaja, sentimita chache chini ya msamba
- Urefu wa ndani wa mguu, msamba hadi pindo
- Bega hadi bega, mshono hadi mshono
- Kwapa hadi kwapa
- Mkono, kutoka mshono wa bega hadi mwisho

Kwa bleza ongeza sentimita mbili tatu kwapa hadi kwapa, kwa sababu itakaa juu ya shati na utataka kuinua mkono kushika chuma cha matatu bila kuskia kitu kikipasuka.

Saizi ya lebo ni ya kukusaidia kuchuja tu. Blauzi ya mwanamke ya Uingereza iliyoandikwa 12 ni kama 38 ama 40 kwa nchi za Ulaya na ni kama 8 kwa Marekani, na kwa ile lundo zote zimechanganywa. Halafu nguo ya mitumba imeshafuliwa mara ngapi, imevutika ama imeingia ikawa ndogo. Amini tepu.

## Hatua ya 4: Chagua soko na saa

Gikomba ndio kubwa na ndio bei ya chini, unaweza kutembea kutoka tao ukipitia Machakos Country Bus. Toi, ukishukia Adams kwa gari za Ngong Road, ni ndogo, bei imeongezwa kidogo lakini nguo nyingi zimeshachaguliwa na kutundikwa, na kama ni mara yako ya kwanza anzia hapo. Muthurwa na Ngara ni karibu na tao kwa mtu anayetoka kazi jioni. Eastleigh ni ya vitu vipya, mitandio, magauni, vitambaa. Biashara Street ni ya vitambaa ukitaka kushonesha.

Sasa saa. Belo ikifunguliwa, zile nguo nzuri kabisa za juu zinaitwa kamera na zinaondoka kwanza, wengi wanaozichukua ni watu wenye maduka na wenye biashara ya mtandaoni, wako pale kukiwa bado baridi. Zinazobaki zinashuka bei kadiri siku inavyosonga hadi zinakuwa fagia, ile ya kumwagwa chini mtu akiimba "hamsini hamsini". Bleza na viatu tafuta kwa kamera, lipa kidogo zaidi. Mashati meupe ya pamba na blauzi za kawaida unaweza kupata kwa lundo la mchana kwa nusu bei ukiwa na subira.

Kila muuzaji ana siku yake ya kufungua belo. Muulize, "Belo ya suruali za ofisi unafungua lini?" na uombe namba yake. Huyo mtu mmoja ukimpata ni bora kuliko kuzunguka soko mara kumi.

Maonyo ya hapa ni ya kweli. Mvua ikinyesha Gikomba ni matope mpaka kwa vifundo, vaa gambuti ama ahirisha. Simu isikae mfuko wa nyuma. Usiende na njaa na usiende mwisho wa mwezi Jumamosi, hautapata nafasi hata ya kukunjua nguo.

## Hatua ya 5: Kagua, na hapa usiharakishe

Hii ndio hatua inaamua kila kitu. Kila nguo ipe dakika mbili, kwa mpangilio mmoja usibadilishe, ili usisahau sehemu ukipendezwa na rangi.

Inua juu uangalie anga kupitia kitambaa. Matundu ya wadudu na sehemu zilizoisha zinaonekana hapo tu, ukiilaza mezani hauoni kitu. Angalia sana msamba na makalio ya suruali, hapo ndipo kitambaa huisha kwanza.

Geuza ndani nje, uangalie kwapa na kola. Alama ya njano ya jasho kwa shati jeupe haitoki. Nimejaribu siki, nimejaribu bekin soda, nimejaribu jua siku tatu, inapungua lakini shati likipata joto la mwili inarudi. Wacha hiyo.

Angalia mishono ya ndani. Hapa nataka nikuonyeshe kitu. Shika suruali kwa nyuma katikati, pale kiunoni, ugeuze ndani. Utaona mshono umeshuka hadi msambani, na pembeni ya mshono kuna kitambaa kimebaki. Kwa suruali iliyoshonwa vizuri hicho kitambaa kinafika upana wa vidole viwili kila upande, kimepigwa pasi kikalala. Hiyo ni akiba, fundi anaweza kukufungulia kiuno ukinenepa na kukurudishia ukipungua. Kwa suruali ya bei rahisi utakuta ni kama ukucha, imekatwa na ovaloki juu, na hiyo ikikubana leo itakubana milele. Bei huwa ile ile kwa lundo moja! Mwenye anajua kugeuza ndio anatoka na ile nzuri.

Finya kola ya bleza. Zile kola za mbele zinazolala kifuani zimewekwa kitambaa kigumu ndani, mara nyingi kwa gundi. Kama imewahi kufuliwa vibaya gundi inaachana na unaona viputo vidogo kama ngozi iliyoungua. Hakuna pasi itaondoa. Rudisha.

Vaa bleza, simama karibu na nguzo ama ukuta, uegemee ubavu polepole. Ikiwa pedi ya bega inagusa ukuta kabla ya mkono wako wa juu, mabega ni makubwa. Mikono mirefu inapunguzwa, ubavu unapunguzwa, mabega karibu kila fundi atakukatalia, na yule atakubali atakutoza kuliko ulivyonunua.

Zipu juu na chini mara tatu. Vifungo vyote. Mifuko yote. Mara moja moja utakuta kifungo cha akiba kimeshonwa ndani ya ubavu.

Soma lebo ya kitambaa. Pamba ni baridi na inapumua lakini inajikunja. Poliesta haijikunji lakini Januari na Februari ndani ya matatu utaloa na harufu inakaa kwa kitambaa. Sufu kwa bleza ni dhahabu, inapitisha hewa na mikunjo inaachia yenyewe ukiitundika usiku, na zile asubuhi za Julai utamshukuru aliyekuuzia. Mchanganyiko wa sufu na poliesta kidogo ndio natafuta kwa suruali. Viskosi ni laini na inaning'inia vizuri, ila ikifuliwa vibaya inaingia.

Kaa chini. Sketi na suruali zote, kaa kwa kiti cha muuzaji, ama uchuchumae. Ukiwa umesimama kila kitu kinakutoshea, na ofisini unakaa masaa manane.

Siku ya kwanza ukitoka na nguo tatu umefanya vizuri sana. Watu wanaoniambia soko limewashinda ni wale walitaka kumaliza kila kitu Jumamosi moja.

## Hatua ya 6: Bei

Fupi. Salimia kwanza, uliza bei ya moja, halafu uliza ya tatu. Taja kasoro uliyoiona bila kutukana bidhaa, "mama, hii zipu nitabadilisha, nipunguzie ya fundi." Akisema "siste ongeza kidogo" ongeza ishirini hamsini, si mbaya, huyo mama ameamka saa kumi usiku. Usiulize bei ya kitu hutaki, na ukikubaliwa bei yako lipa, kuondoka hapo ni kuharibu jina.

## Hatua ya 7: Fua kabla ya kumpelekea fundi

Fua kwanza, kushona baadaye. Pamba na viskosi zikiguswa na maji mara ya kwanza nyumbani kwako zinaweza kuingia, na kama fundi alikuwa ameshapunguza suruali itakuwa ya mdogo wako.

Pamba nyeupe na mashati: loweka dakika thelathini kwa maji moto na sabuni, fua, halafu suuza na maji yenye kikombe cha siki kwa beseni. Ile harufu ya mitumba inatoka na siki, na harufu ya siki yenyewe inaisha ikikauka. Usiwahi kuchanganya siki na jiki, inatoa hewa ya sumu.

Sufu: maji baridi, sabuni kidogo ya maji, bonyeza bonyeza bila kusugua, usikamue kwa kupinda, laza juu ya taulo kivulini. Joto na kusugua pamoja ndio hufanya sweta ya sufu ikawa ya mtoto.

Bleza yenye bitana na pedi usitumbukize. Peleka drai klina, ama ukiwa huna pesa ifute na kitambaa chenye maji na siki kidogo, itundike mahali penye upepo siku mbili.

Alama za lebo kwa haraka: beseni lenye mkono ni kufua na mkono, beseni lenye X ni usifue, duara tupu ama lenye herufi ni drai klina, pembetatu yenye X ni usitie jiki. Pasi yenye nukta moja ni moto mdogo, tatu ni moto mkali.

Nguo za ndani na soksi nunua mpya. Hapo sina mjadala.

## Hatua ya 8: Fundi, ambaye ndiye siri yote

Shati la 200 lililopunguzwa ubavuni linaonekana la elfu mbili. Shati la elfu mbili lililovimba mgongoni linaonekana la kuazima. Ofisini hakuna mtu anasoma lebo yako, wanachoona ni vile mstari wa bega umekaa na vile suruali imeangukia kiatu.

Mgawo wa ile 1,500: suruali tatu kukunja na kurekebisha kiuno, 200 kila moja, ni 600. Bleza ubavuni 400. Mashati mawili 150 kila moja ni 300. Ile 200 inabaki ni ya zipu moja ama kifungo.

Kumpata fundi: usimpe bleza siku ya kwanza. Mpe suruali moja akunje pindo, urudi uangalie ndani. Uzi uwe wa rangi ya kitambaa, mishono midogo inayolingana, kitambaa kisiwe kimekatwa chote bali kimebaki kidogo ndani. Akipita hapo mpe shati. Akipita hapo mpe bleza.

Ukienda kwake:

1. Vaa viatu vya ofisi. Pindo la suruali linapimwa na kiatu utakachovaa, ukienda na slipasi suruali itakuwa fupi ama itafagia.
2. Vaa nguo mwili wako, aweke pini ama chaki ukiwa umesimama wima, ukiangalia mbele. Ukiinama kuangalia, pindo linapanda.
3. Mwambie maneno kamili: "Punguza sentimita mbili kila upande, usikate kitambaa, kiache ndani." Usimwambie "ifanye fiti", kila mtu ana fiti yake.
4. Mikono ya bleza iishie kwa mfupa wa kifundo cha mkono, pale saa inakaa, na shati litoke chini yake kama sentimita moja.
5. Blauzi inayoachama kifuani usiibane zaidi, mwambie ashone kale ka kifungo kadogo ka kubonyeza kwa ndani, katikati ya vifungo viwili.

Jaribu pale pale kabla ya kulipa salio. Kaa, inua mikono, inama kama unafunga kamba za kiatu. Mpe tarehe ya siku mbili kabla ya siku unayotaka, hasa Desemba na kabla ya shule kufunguliwa, mafundi wanalemewa na yunifomu.

Umefaulu ikiwa ukisimama kando ya kioo hakuna mstari unaovuta mahali popote na hakuna kitambaa kimejaa mgongoni.

## Hatua ya 9: Viatu

Nenda alasiri, siku nyingine, usiunganishe na safari ya nguo. Miguu huvimba kadiri siku inavyoenda, kiatu kinachokutosha saa mbili asubuhi kitakuuma saa kumi.

Nunua pea moja ya ngozi, nyeusi ama kahawia, kwa 1,800 hivi, na pea moja rahisi ya 700 ya kutembelea. Ukitembea kutoka Railways hadi Upper Hill kila siku na kiatu chako cha ofisi hakitamaliza miezi mitatu, kwa hivyo kile kizuri kibebe kwa mfuko, ubadilishe ukifika.

Kwa kukagua: kunja soli. Ikitoa mipasuko midogo kama ardhi kavu, imekufa ikiwa stoo na mvua ya kwanza itaibandua. Vuta soli kwa mbele pale vidole hukaa, gundi isifunguke. Bonyeza ngozi na kidole, ngozi halisi inatoa makunyanzi madogo madogo, reksini inabonyea kama plastiki na baadaye inachubuka. Angalia kisigino kwa nyuma, kikiwa kimelika upande mmoja sana kitakupindisha wewe pia.

Vipeleke kwa fundi wa viatu wa mtaani ashone soli pembeni hata kabla ya kuvaa. Pesa kidogo, na mvua za Aprili zitakupata umetulia.

## Hatua ya 10: Jumapili jioni

Piga pasi mivao mitano Jumapili mapema, kabla tokeni iishe ama stima ipotee saa mbili usiku. Pamba moto mkali ikiwa na unyevu kidogo, poliesta moto mdogo, sufu na nguo nyeusi weka kile kitambaa cheupe kilicholoweshwa katikati, ukiweka pasi moja kwa moja inang'aa na huo mng'ao hautoki.

Tundika kila mvao kwa hanga yake, chini na juu pamoja. Vile vijidonge vya sweta vinyoe na wembe, mkono mwepesi, nguo ikiwa imenyooshwa mezani. Kiatu kipake Kiwi, kiache dakika kumi, ndio usugue na brashi ya pili. Sweta ikae begini Juni hadi Agosti hata kama asubuhi kuna jua.

Usivae bleza siku mbili mfululizo, itundike ipumue. Suruali vivyo hivyo, na kwa sababu ziko tatu unaweza.

Mshahara wa kwanza ukiingia usirudi kwa blauzi. Ongeza pea ya pili ya viatu vya ngozi ili zipokezane, halafu suruali ya nne kwa ile rangi ya msingi, halafu ndio umpigie yule muuzaji uliyechukua namba yake umuulize belo ya bleza inafunguliwa lini.